Tulivyotazamishwa Mchina, kontena zikapanda treni

Ile wiki ya uchaguzi wa Agosti 2022 kuna mkahawa pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ulikuwa na tivii mbili ukutani, moja Citizen moja NTV, na wakati huo huo huku Raila yuwaongoza, kule Ruto yuwaongoza. Watu wamekaa na chai na mahamri yao, mmoja akapaza sauti, "Kaka weka ile ya ukweli bwana!" Mwenye mkahawa akamuuliza, "Ipi?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejibu.

Cha ajabu ni kwamba hakuna stesheni iliyokuwa ikidanganya. Fomu 34A, zile za matokeo, zilikuwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, zaidi ya 46,000, kila kituo cha kupigia kura na fomu yake, yeyote mwenye bando angeweza kufungua akaangalia. Kila stesheni ilikuwa na vijana wake kwenye kompyuta wafungua fomu moja moja wajaza namba. Sasa ukianza na fomu za Mlima Kenya na Bonde la Ufa, Ruto yuko juu. Ukianza na Nyanza na huku kwetu Pwani, Raila yuko juu. Kila namba ni sahihi, kila fomu ni ya kweli, na picha zatoka mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Halafu baada ya siku kadhaa zile hesabu zikaanza kwenda polepole, kisha zikasimama kabisa, na hakuna aliyetueleza sawasawa kwa nini. Nchi nzima yangoja, stesheni kubwa zote zimenyamaza namba, na kwenye ule ukimya ndipo magrupu ya WhatsApp yakaingia na namba zao za kupika, mpaka tarehe 15 tukaambiwa Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, na nusu ya watu wa mtaani kwangu hawakuamini kwa sababu kwa siku nzima walikuwa wameona kwa macho yao mtu mwengine yuko mbele.

Ndio maana mtu akinambia vyombo vya habari vyadanganya huwa sikubali haraka haraka. Uongo mtupu ni rahisi kushikwa, siku mbili tatu mtu atatoa video, mambo yaishe. Nguvu yao iko kwengine, iko kwenye kuamua wewe uanze kutazama wapi na kitu gani kisikufikie kabisa. Na hiyo nguvu sisi wa Mombasa tumeionja kuliko watu wengi nchi hii, kwa sababu habari zetu nyingi zaandikwa na watu ambao hawako hapa.

Mimi niliandikia gazeti moja la Nairobi kwa muda, sio kuajiriwa, stringa tu. Kwa asiyejua, stringa ni yule anayelipwa kwa stori iliyotoka, isipotoka hulipwi, nauli yako, simu yako, jua lako. Na ukilipwa walipwa kwa urefu, yaani ukikatwa aya nne umekatwa unga wa nyumbani. Sasa mtu kama huyo ana njia mbili: akae Changamwe wiki nzima aongee na madereva wa malori na mataniboi, yaani wasaidizi wao, ajue biashara imeanguka vipi, ama aende kwenye mkutano wa waandishi wa mheshimiwa fulani kwenye hoteli Nyali ambako kuna chai na sambusa, kuna karatasi yenye stori ishaandikwa tayari, na wakimaliza kuna bahasha ya nauli. Mkono mtupu haulambwi. Simtetei anayechukua bahasha, nasema tu kwamba kila semina ya maadili ya uandishi niliyohudhuria ilimsema mpokeaji bahasha, na sikuwahi kusikia hata moja ikimuuliza mwenye gazeti amlipa huyu mtu ngapi.

Kisha stori yaenda Nairobi. Huko kuna mhariri ambaye hajakanyaga Miritini maisha yake, wala hana ubaya na mtu, ana ukurasa wa kujaza na saa zinamkimbiza. Kichwani mwake Mombasa ni ugaidi, utalii, na unga (unga ule mwengine, sio wa ugali). Ukimletea stori isiyoingia kwenye mojawapo ya hizo ataisukuma mpaka iingie, ama ataitupa.

Nitoe mfano. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba kontena za mizigo ya kuagizwa inayokwenda Nairobi na bara lazima zipande treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi. Kama wewe si wa hapa pengine utaona hiyo ni habari ya usafiri tu. Hapa ilikuwa ni habari ya sufuria. Malori yakisimama, dereva amesimama, na taniboi wake, na fundi wa magurudumu, na yule auzaye spea, na yadi za makontena zinapunguza vibarua, na lojing'i za kule njiani Mariakani hazina wageni, na kampuni ndogo za kliaring, zile za kutoa mizigo bandarini, zafunga ofisi moja baada ya nyengine. Watu wakaanza kuandamana, kila Jumatatu. Nikaenda Changamwe nikakaa na watu. Mwenye gereji alinionyesha shimo lake la kukagulia magari limegeuka stoo ya matairi makuukuu. Mama mmoja auzaye chakula karibu na yadi akanambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa napika sufuria mbili za maharagwe na saa nane zishaisha, sasa napika moja na hiyo moja naila na watoto." Nikaandika yote, nikatuma.

Ilipotoka ilikuwa aya tano. Juu kuna picha ya polisi wamejipanga na virungu. Wa kwanza kuhojiwa ni mkubwa mmoja yuwasema maandamano yanaharibu sura ya mji na kusumbua wageni. Yule mama hayumo, mwenye gereji hayumo, na sababu ya watu kuandamana iko mwisho kabisa, nusu sentensi. Hakuna kitu hata kimoja kwenye stori ile kilichokuwa cha uongo! Polisi walikuwepo, mkubwa alisema aliyoyasema. Lakini msomaji wa Eldoret aliyeisoma alijua watu wa Mombasa wanafanya fujo na wageni wanasumbuka, basi.

Lakini kisa chenyewe kilianza nyuma zaidi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu sijaona mfano mzuri kuushinda huu.

Disemba 2018 ilivuja barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ilihusu hesabu za KPA, yaani mamlaka yetu ya bandari, na ndani yake ilisema kwamba mali za bandari ziko hatarini endapo Shirika la Reli litashindwa kulipa mkopo wa Exim Bank ya China uliojenga SGR, kwamba kwenye mkataba KPA imehesabiwa kama mkopaji na haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya serikali. Kumbuka reli ile ya Mombasa mpaka Nairobi iligharimu kama shilingi bilioni 327, ikafunguliwa Mei 2017 kwa shangwe na bendera. Basi ile barua ikafika kwenye vyumba vya habari, na kwa siku chache dunia nzima ikawa na stori moja: Mchina anachukua bandari ya Mombasa. Sio Kenya tu, ilizunguka ulimwengu mzima, na kila aliyeiandika akaiunganisha na bandari ya Hambantota kule Sri Lanka ambayo mwaka 2017 ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina miaka 99.

Sikwambii barazani ilivyokuwa. Ami yangu mmoja alifanya kazi gatini Kilindini tangu enzi za kubeba magunia mgongoni, alikuwa hana usingizi. Watu wakaapa wameshaona maboti ya Kichina yamekuja kupima maji. Mwengine akasema uniforomu zishachapishwa kwa Kichina. Serikali nayo ikakanusha kwa nguvu, Rais Uhuru akasema hizo ni propaganda na akawaahidi waandishi kwamba mkataba watapewa wausome wenyewe. Tukangoja. Mkataba haukuja. Ikawa ni mechi ya maneno kati ya hedlaini na msemaji wa serikali, na kitu chenyewe kinachobishaniwa, yaani karatasi, hakuna hata upande mmoja ulioiweka mezani.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwemo Deborah Brautigam ambaye amesoma mikopo ya China Afrika kwa miaka mingi, wakatoa ripoti wakisema mkaguzi aliusoma vibaya ule mkataba na bandari haikuwekwa rehani. Ukweli ukachelewa zaidi ya miaka mitatu, na hata ulipofika haukupewa hata robo ya kelele iliyopewa ile ya kwanza. Nenda leo Marikiti uulize watu kumi bandari ni ya nani, wangapi watakwambia ya Mchina?

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda mimi. Ndani ya mambo hayo hayo ya SGR kulikuwa na karatasi nyengine, makubaliano ya mwaka 2014 kati ya KPA na Shirika la Reli, ambayo yalisema hivi kwa lugha ya mtaani: bandari yaahidi kuipa treni mzigo wa kiasi fulani kila mwaka, na mzigo usipofika kile kiasi, bandari italipa ile tofauti kutoka mfukoni mwake. Ilifanywa hivyo ili mkopo uweze kulipika. Haya, sasa rudi kwenye ile amri ya Agosti 2019 uiangalie tena. Umeona? Hakuna Mchina aliyehitaji kuja na meli ya kivita kuchukua gati. Mzigo ulishaahidiwa treni miaka mitano kabla, na walioahidi ni watu wetu wenyewe, kwenye ofisi zetu, kwa kalamu zetu, na malori ya Changamwe yalikuwa yashahukumiwa kabla hata reli haijalazwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa stori. Na haikufichwa chini ya ardhi, ile barua ya mkaguzi yenyewe iliyagusa hayo makubaliano. Ilikuwa kwenye karatasi ile ile ambayo kila gazeti lilikuwa nayo! Lakini Mchina anachukua bandari ni stori yenye jambazi, yenye woga, mtu anaisoma na kuituma kwa grupu la familia kabla hajamaliza aya ya pili. Makubaliano ya tani na malipo ya tofauti, nani atatuma? Na tena adui wa mbali ana uzuri wake mmoja, hapigi simu chumba cha habari saa tatu usiku. Mtu aliyetia sahihi ana namba ya mhariri.

Sisemi kulikuwa na mtu amejifungia chumbani anapanga tudanganywe. Sidhani. Nafikiri kila mmoja alifanya kazi yake ya kawaida, mwenye kuvujisha akavujisha, mwandishi akakimbilia hedlaini, serikali ikakanusha kwa sababu ndiyo kazi yake, na sisi tukagombana barazani, na wakati tunamtazama Mchina kontena zikapanda treni. Matokeo ni yale yale kama yangepangwa, na hilo ndilo linaloniudhi, bora hata kungekuwa na mpangaji tumjue jina.

Aliyeukimbiza mkataba mpaka ukaanza kutoka sio gazeti. Ni kesi. Khelef Khalifa wa hapa hapa Mombasa na Wanjiru Gikonyo walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa wakidai nyaraka za SGR ni haki ya mwananchi kuziona, na Mei 2022 Jaji John Mativo akakubaliana nao, serikali izitoe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akatoa baadhi yake. Baadhi! Kabla ya hapo, Septemba, siku aliyoapishwa, Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zarudi Mombasa, watu wa huku wakashangilia, na habari ikasomeka kama zawadi ya rais kwa Pwani. Kitu kilichochukuliwa kwako kikirudishwa chaitwa zawadi, haya basi, ahsante.

Kuhusu wenye vyombo sitakaa sana, kila mtu barazani ashakariri: Standard ni ya familia ya Moi, Mediamax ya K24 na Kameme yahusishwa na akina Kenyatta, Royal Media ya Citizen ni ya S.K. Macharia, Nation ilianzishwa na Aga Khan. Watu husema hivyo halafu wakaona wameshamaliza uchambuzi. Lakini ile ya Standard ina kisa kinachotuhusu. Gazeti lile lilizaliwa Mombasa mwaka 1902, jina lake African Standard, na mwanzilishi wake ni Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na tenda za kuletea reli ya Uganda vibarua na vyakula. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza. Likawa East African Standard, 1910 likahamia Nairobi kufuata pesa na mamlaka, na likawa sauti ya masetla, wale wale waliokuwa hawataki Mhindi apate haki sawa na Mzungu. Yaani gazeti alilolianzisha Jeevanjee kwa pesa yake, akiwa yuko hai yuwaona, likawa upande wa watu wanaompinga yeye na wenzake. Mitambo ni ile, wino ni ule, kilichobadilika ni mwenye nyumba.

Siku hizi hata mwenye nyumba hana raha, kwa sababu juu yake kuna mwenye matangazo. Mteja mkubwa wa matangazo nchi hii ni serikali yenyewe, na anapoamua kulipa ama kutolipa ndipo uhuru wa habari unapopimwa. Machi 2024 katibu wa idara ya utangazaji aliandika barua kwamba matangazo yote ya serikali ya redio na tivii yapelekwe KBC, stesheni ya serikali yenyewe. Suala hilo lilifika kortini, lakini ujumbe ulishafika. Zamani walikuwa wakituma watu, kama ule usiku wa Machi 2006 walipovamia Standard wakachoma magazeti, na waziri Michuki akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Siku hizi nyoka hana haja ya kutoka shimoni, yuwatuma barua kwa idara ya fedha. Na kama Nairobi na ukubwa wao ni hivyo, fikiria redio zetu ndogo za hapa zenye kulipia umeme wa mwezi huu kwa tangazo la kaunti na la duka la fanicha. Mtangazaji wa asubuhi atauliza swali gumu kuhusu taka za Mwakirunge mara ngapi?

Wallahi kipindi ninachokiamini mia kwa mia kwenye redio za hapa ni matangazo ya vifo. Fulani bin fulani wa Kibokoni amefariki, maziko ni baada ya sala ya alasiri, msikiti ni huu, wafahamishwe jamaa walioko Lamu, Malindi na Tanga. Hapo hakuna anayepinda kitu. Bi mkubwa wangu huwasha redio kwa hilo tu, yakiisha azima, na nikimwambia kuna habari za saa saba anambia, "Ushasikia za maana."

Na tusijifanye ni Nairobi tu ndio watuandikao vibaya. Mei 2014 Uingereza ilitoa ilani raia wake wasije Mombasa, na kampuni za watalii Thomson na First Choice zikawapakia wateja wao kama 400 ndegeni zikawarudisha kwao. Sasa hapa lazima niseme ukweli wote, hali haikuwa nzuri. Gruneti la Mwembe Tayari mwanzo wa mwezi ule liliua watu, sio hadithi, na wenzetu walioumia walikuwa wanapanda basi tu waende kwao. Lakini zile picha za watalii wakikokota masanduku zilizunguka dunia, na za waliobaki hazikupigwa. Binamu yangu alikuwa rum savisi kwenye hoteli moja Bamburi, alipewa likizo isiyo na malipo na isiyo na tarehe ya kurudi. Ilani ile ilikuja kulegezwa Juni mwaka uliofuata. Hakuna kamera iliyokuja kupiga binamu yangu akirudi kazini, na hata ingekuja isingempata, alikuwa ashauza simu akaingia boda.

Kabla ya hapo kulikuwa na yule mwanamke wa Kiingereza, Samantha Lewthwaite, ambaye magazeti ya kwao yalimpa jina la Mjane Mweupe. Alikuwa na kesi ya kweli ya ugaidi iliyoanzia hapa Mombasa 2011, anatafutwa. Lakini kila jambo likitokea Afrika Mashariki lazima awemo, shambulio la Westgate Nairobi 2013 alikuwemo kwenye kurasa za mbele dunia nzima ingawa hakuna aliyethibitisha hata siku moja kwamba alikuwa ndani. Shida ya stori kama hiyo ni kwamba kila ikitoka, jina la mji wetu liko kwenye aya ya pili.

Kisha Julai 2015, Obama yuwaja Nairobi, CNN wakaandika kwamba anaelekea kwenye kitovu cha ugaidi. Wakenya wakawaka, hashtegi ya SomeoneTellCNN ikatrendi siku nzima, na mwezi uliofuata mkubwa wao Tony Maddox akapanda ndege akaja kuomba radhi, akaonana na rais. Tulifurahi, hata mimi nilifurahi. Ila ukitulia waona aliyeombwa radhi ni nani, ni mwenye ikulu na mwenye bando. Mombasa tulikuwa tushaitwa hivyo miaka mitatu minne, na magazeti ya Nairobi yenyewe yalikuwa yanatuita majina ya namna hiyo hiyo kila kunapotokea msako Majengo au Kisauni, na sikumbuki hashtegi. Ulipochafuliwa mji mkuu ndipo ikawa nchi imetukanwa.

Najua kuna mtu ashaanza kunijibu kichwani kwamba hayo ya zamani, siku hizi kila mtu ana simu. Kuna ukweli. Januari 30, 2018 Raila alipojiapisha Uhuru Park serikali ilizima Citizen, NTV na KTN, na korti iliposema washeni, ilichukua siku kadhaa tena, Citizen ikakaa gizani zaidi ya wiki. Watu wengi hapa walikaa na KBC na muziki. Juni 25, 2025 wakajaribu tena, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano laivu, zilizokataa zikakatwa mawimbi, na safari hii vijana hata hawakuona tofauti, wako TikTok laivu kutoka barabarani, Mahakama Kuu ikasimamisha ile amri jioni na watu walikuwa wameshaona kila kitu. Hilo ni jambo kubwa, silidharau.

Lakini simu nayo ina wenyewe. Kampuni ya Cambridge Analytica ilifanya kazi kwenye chaguzi zetu za 2013 na 2017, na wakubwa wake walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 mwaka 2018 wakijisifu kwamba walikigeuza sura chama kizima mara mbili na kukiandikia hata manifesto. Na hiyo ni ya mabwana wa suti. Ya mtaani iko kwenye ripoti ya Mozilla ya 2021: hapa Kenya mainfluensa wanalipwa kama dola 10 mpaka 15 kusukuma hashtegi za kisiasa, wengi ni vijana wasio na kazi, watumiwa maneno kwenye grupu la WhatsApp na kuambiwa saa ngapi waanze kutwiti. Ukiona kitu kinatrendi asubuhi ukadhani taifa limeamka na hasira, pengine ni vijana 20 waliolipwa wakiwa bado kitandani. Sasa hapo tofauti na yule stringa wa bahasha ni ipi? Naona ni moja tu, stringa alilazimika kuvaa shati aende Nyali.

Kwa hivyo mimi siku hizi nikisoma habari ya huku kwetu nasoma kutoka chini kwenda juu. Ile aya ya mwisho waliyoisahau kuikata ndio naanza nayo. Kisha naangalia nani kahojiwa kwanza, na kama kuna karatasi imetajwa naitafuta karatasi yenyewe. Ni kazi ya kuchosha, sio kila mtu ana muda huo, mama auzaye maharagwe hana muda huo kabisa na yeye ndiye aliyestahili kuujua ule mkataba kuliko sisi sote. Alihamisha biashara, yuko karibu na stejini sasa, na nilipomuuliza kama anajua kwamba kulikuwa na makubaliano ya 2014 akanitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Na wewe ulipojua ulimwambia nani?"

Basi ndio nawaambia nyinyi. Na kama kuna mtu ana kurasa ambazo Murkomen hakuzitoa, inboksi yangu iko wazi, hata ukituma usiku wa manane.